Mke wangu amerudi, nyimbo zimeondoka

"Shikamoo mama. Nina miaka 36, naishi Tukuyu na mke wangu na watoto wetu wawili. Mchana ni seremala, jioni ni mwalimu wa kwaya na mtunzi. Mwaka jana mimi na mke wangu tuligombana sana kwa ajili ya fedha na ndugu zangu, akaenda kwao Kyela akakaa miezi mitano. Katika miezi ile nilitunga nyimbo tisa. Mmoja, unaosema habari za mama aliyeondoka na moto akaacha jiko limezima, ulipendwa kupita kiasi. Tuliurekodi, na mpaka leo unaimbwa kwenye mikutano. Wazee wa pande zote walitupatanisha, akarudi mwezi wa kumi. Tangu hapo hatujagombana hata siku moja. Lakini sijatunga hata ubeti mmoja. Na chumbani tunaishi kama kaka na dada: akinigusa nashtuka, nikimgusa anasema amechoka. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Krismasi. Yeye alikuwa anaimba sauti ya pili, ila hajarudi kwaya, anasema kazi za nyumbani ni nyingi. Rafiki zangu wawili wanasema nimelishwa limbwata. Mwingine, naye ni msanii, anasema mtunzi akishaonja raha kipaji kinalala, nahitaji maumivu, nipange chumba Mbeya mjini niwe naenda kutungia huko. Nilipomwambia mke wangu habari ya chumba hakubisha. Alisema tu, 'Sawa, ila usinitunge tena.' Nampenda. Je, inanibidi kuchagua kati ya ndoa na kipaji?"

Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kuandika wazi hata yale ya chumbani. Wanaume wengi wa umri wako hunifikia baada ya miaka mingi ya kuzungukazunguka, na hata hapo huanza kwa kunieleza habari za mgongo.

Nimekuelewa hivi. Kalamu imekauka, kitanda kimepoa, na katikati ya hayo kuna nyumba ambayo majirani wanaisifu kwa utulivu wake. Wewe unaona vitu viwili vinavyogombea kiti kimoja, ndoa na kipaji, na unataka nikuambie kipi kikae. Mimi nasoma barua hiyo hiyo naona jambo moja. Nyinyi wawili mmeshika pumzi. Mtu aliyeshika pumzi hagombani, ni kweli. Pia haimbi, na ukimkumbatia halegei.

Kabla sijaendelea, tuiondoe limbwata mezani. Simdharau anayeamini, nimekulia Iringa vijijini na nimesikia mengi. Ila katika miaka 19 ya kukaa na wanandoa hapa Mbeya nimeona kazi ambayo neno hilo hufanya kila linapotajwa: mke anageuka mshitakiwa, na mume anapumzishwa kazi ya kutazama nyumba yake. Rafiki zako wanakupenda, lakini wamekupa jibu linalokuzuia usiulize swali lolote. Kama kuna kitu mwilini, kinapimika, nami nitarudi huko.

Sasa habari ya maumivu. Rafiki yako msanii amekuambia jambo ambalo watu wengi wanaliamini kwa dhati, na limewaharibia nyumba watunzi wazuri. Nikupe mfano wa mbali kidogo. Robert Schumann, Mjerumani, alitunga nyimbo zaidi ya 100 katika mwaka mmoja tu, 1840. Mwaka huo ndio aliomwoa Clara Wieck, mwezi wa tisa, baada ya baba wa binti kukataa kwa miaka na jambo likafika mahakamani. Rafiki yako atasema: si unaona, kesi ndiyo iliyomtungisha! Sikatai kwamba alikuwa na dhiki. Lakini hakuwa na dhiki peke yake. Alikuwa na mtu wa kumwimbia, aliyejua anaimbiwa, na aliyekuwa anamngoja. Dhiki isiyo na mtu upande wa pili huwa haitungi chochote. Ninaona hivyo kila wiki kwa watu wenye sonona: maumivu wanayo ya kutosha, na hawawezi hata kuandika orodha ya sokoni.

Rudi kwenye miezi yako mitano. Ulikuwa na maumivu, ndiyo. Ulikuwa pia na jioni tupu, na kwaya iliyokuonea huruma ikakusikiliza kuliko wakati wowote. Zaidi ya hayo ulikuwa na mtu Kyela. Ulikuwa na mambo ya kumwambia mtu huyo ambayo hukuweza kumwambia kwa simu wala kupitia wazee. Nyimbo zile tisa zilikuwa barua, mwanangu. Kila moja ilikuwa na anwani. Siku mwenye anwani aliporudi akakaa mezani pako, barua zilikosa pa kwenda, na kumwambia kwa mdomo hukuwa umejifunza. Basi ukanyamaza kwa njia zote mbili.

Hapo ndipo nilipopigia mstari sentensi moja ambayo wewe umeipita mbio. "Usinitunge tena."

Hebu kaa nayo. Wewe unaujua wimbo ule ukiwa upande wa mtunzi: unakumbuka usiku ulioupata, mahali ulipobadilisha sauti ya tatu, namna watu walivyosimama mlipoumaliza. Yeye anaujua kutoka upande mwingine. Ameusikia kwenye simu ya mtu, yuko kwao, pengine anakosha vyombo, sauti nne zinaimba habari ya mama aliyeondoka na moto. Hakuna aliyetaja jina lake. Hakukuwa na haja, Tukuyu nzima inajua jiko ni la nani. Halafu amerudi kuishi katika mji unaouimba. Akienda mashineni kusaga, wimbo. Akipanda daladala, wimbo. Na kwenye wimbo huo hakuna ubeti unaosema kwa nini mama aliondoka, wala nani alimaliza fedha, wala ndugu wa nani walikuwa wanakula pale jikoni.

Unasema hajarudi kwaya kwa sababu ya kazi za nyumbani. Inawezekana. Lakini mwanamke aliyekuwa anaimba sauti ya pili akirudi leo, mkafika kwenye wimbo ule mazoezini, asimame wapi? Aimbe? Anyamaze? Atoke nje?

Sisemi kwamba ulifanya uovu. Mtu mwenye uchungu hulia kwa kile alichonacho, na wewe ulichonacho ni nota. Nasema wimbo ule ulikuwa na gharama, na aliyeilipa si wewe. Robert na Clara walipooana walianza shajara ya pamoja, wakipokezana kuandika. Clara alikuwa mpiga piano mashuhuri wakati huo, watu wakimjua kuliko mumewe. Katika shajara hiyo analalamika kwamba hawezi kufanya mazoezi mume anapotunga, kwa kuwa nyumba haiwezi kubeba piano mbili kwa wakati mmoja. Hata katika nyumba ile yenye mapenzi mengi, mtu mmoja alinyamaza ili mwingine aandike. Tofauti yao na nyinyi ni kwamba Clara aliandika malalamiko yake mahali ambapo mume angeyasoma. Mke wako amekupa maneno mawili tu, na hata hayo ulikuwa umeyapita.

Labda utaniuliza, je, hilo linahusianaje na kitanda? Linahusiana sana, na nitachukua muda kidogo hapa.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda, akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikuwa anatazama watoto wachanga na mama zao, saa nyingi, nyumbani kwao. Aliona jambo ambalo kila bibi analijua ila hakuna aliyekuwa ameliandika kwa utaratibu ule. Mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa akaenda mbali. Anafika mlangoni, anageuka, anamwona mama yupo, anaendelea mpaka kwenye kuku. Mtoto asiye na uhakika hang'oki. Anang'ang'ania nguo, au yuko pale pale kimwili lakini macho yake hayachezi, yanalinda. Watafiti waliokuja baadaye, Cindy Hazan na Phillip Shaver mwaka 1987, wakaonyesha kwamba mapenzi ya watu wazima yanabeba mtindo huo huo.

Kutunga ni kutambaa mpaka kwa kuku. Unaiacha akili iende mahali usipopajua, bila kujua utarudi na nini. Huwezi kwenda huko kama nusu ya masikio yako iko mlangoni kusikiliza kama mtu anafunga begi. Wewe unalinda asiondoke tena. Yeye analinda asiimbwe tena. Kila mmoja anatembea kwa vidole nyumbani, mnapishana kwa adabu, "samahani," "asante," na jioni inaisha. Huo mnauita utulivu.

Mwili nao unalinda. Watafiti Erick Janssen na John Bancroft walipochunguza hamu ya tendo la ndoa walieleza kwamba mtu ana pedeli mbili, ya mafuta na ya breki, na kila moja inafanya kazi peke yake. Kila dereva wa lori anayeshuka mlima Kitonga anaelewa hili bila somo. Watu wakiona gari haliendi wanakimbilia kukanyaga mafuta: supu ya pweza, dawa za mitishamba za kuongeza nguvu, vidonge vya dukani bila cheti. Wewe gari lako lina mafuta, mwanangu. Breki imekamata. Hofu, aibu, kinyongo ambacho hakijasemwa, wasiwasi kwamba ukilegea utaumizwa, hizo zote ni breki. Ndiyo maana akikugusa unashtuka. Na kwake yeye, "nimechoka" linaweza kuwa neno la heshima kuliko yote aliyoyapata. Vidonge vya mitaani usivinunue kabisa. Vingine vina dawa ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti, na mtu mwenye shida ya moyo anaweza kufa navyo.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: kwa wengi, hasa waliokaa pamoja miaka, hamu haitangulii. Inakuja baada ya kugusana kwa amani, baada ya kicheko, baada ya kuhisi kwamba mtu huyu yuko upande wangu. Ukikaa ukisubiri hamu ikupige kama zamani za uchumba, mtasubiri wote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake hamtaki.

Kuhusu kutogombana, naomba nikuambie kwa upole kwamba hilo ndilo lililonitia wasiwasi mapema kuliko yote. Mligombana kwa fedha na ndugu. Barua yako haisemi kwamba jambo la fedha lilipatiwa utaratibu, wala ndugu waliwekewa mpaka. Inasema wazee walipatanisha. Wewe ni seremala, unaijua mbao mbichi ya paini kutoka Sao Hill: siku unafunga mlango unakaa sawasawa, fundi anasifiwa, kiangazi kikiingia unapinda na hakuna kitasa kinachofunga. John Gottman wa Marekani, aliyetazama wanandoa wakizozana kwa miaka mingi, alikuta kwamba takribani theluthi mbili ya mambo wanayogombania hayaishi kamwe. Wanaodumu wanayazungumza tena na tena, wakijua namna ya kurudiana baada ya maneno makali. Kwa hiyo sikutakii nyumba isiyo na ugomvi. Nakutakia ugomvi mdogo wa fedha siku ya Jumamosi, unaoisha kabla ya chai ya jioni, na hakuna anayefunga begi.

Kuna upande mmoja zaidi ambao ningependa uutazame, kwa kuwa Tukuyu yako iko Rungwe, kwa Wanyakyusa. Wanyakyusa wana neno *ukwangala*, kukaa na watu wa rika lako, kula pamoja, kunywa, kuzungumza, kufurahiana tu. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliokaa huko miaka ya 1930 walikuta vijiji vizima vya watu wa rika moja, na waliandika kwamba ukwangala ulihesabiwa kuwa ndio utamu wa maisha. Leo wewe ukwangala wako ni kwaya. Unatoka jioni, kuna watu 30 wanaokusikiliza, wanacheka na wewe, wanakuita mwalimu. Yeye alikuwa nayo hiyo hiyo. Ameipoteza. Sasa anabaki na wewe peke yako kuwa mume, rafiki, shoga na rika, na wewe ndiye mtu aliyemtunga. Mzigo huo ni mkubwa hata kwa mume ambaye hajakosea.

Basi ufanye nini?

Chumba cha Mbeya usikilipie kwanza. Sipingi chumba kwa kila mtu. Kuna watunzi ambao wanahitaji mlango wa kufunga, na mke anajua, na hakuna kovu. Lakini nyumba yako ina kidonda cha mtu aliyeondoka. Kilomita 70 za kwenda kutafuta maumivu, kodi ya kila mwezi katika nyumba iliyogombania fedha, na mke ambaye atabaki akijiuliza unaandika nini huko: hapo utapata nyimbo pengine, maana utakuwa umeirudisha miezi ile mitano. Ukihitaji pa kukaa, tenga kona kwenye karakana yako, saa moja, siku mbili kwa wiki, na kila mtu nyumbani aijue saa hiyo.

Kazi kubwa zaidi ni mazungumzo, na hapa nitakufundisha kitu nilichokiona kwa mama yangu. Wanawake wa kwetu Iringa husuka vikapu vya milulu wakiwa wamekaa pamoja, na nilipokuwa mtoto nilikuwa nakaa miguuni pao. Mambo mazito kuliko yote niliyowahi kusikia yalisemwa pale, ndoa, vifo, watoto waliopotea, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Macho yalikuwa kwenye kikapu. Mikono inapita juu, inapita chini, mtu anasema sentensi moja, kimya, safu nzima inasukwa, ndipo mwingine anajibu. Sijawahi kupata chumba cha ushauri kinachofanya kazi vizuri kuliko kile. Kwa hiyo usimwite mkeo sebuleni ukasema "kaa chini tuongee." Atajihisi yuko tena mbele ya wazee. Jioni akimenya ndizi, chukua kisu, kaa pembeni yake, menya. Mikono yenu wote ikiwa na utomvu hakuna anayeweza kushika simu. Baada ya muda muulize: "Ule wimbo, siku ya kwanza ulipousikia ulikuwa wapi?"

Halafu nyamaza. Atakachosema usikijibu. Usimwambie ulikuwa na uchungu, usimwambie watu waliupenda, usimwambie hukumtaja jina. Akilia, endelea kukaa. Akisema "hapana, yamepita," mwambie utauliza tena siku nyingine, na uulize kweli. Sehemu yako ya hadithi itafika, lakini siku hiyo si yako.

Mume mmoja niliyekaa naye hapa pamoja na mkewe, na wameniruhusu nisimulie bila majina, alikuwa mchoraji wa mabango. Alikuwa amemchora mkewe kwenye ukuta wa duka, bila kumuuliza, akiwa amekunja uso. Kwake ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizochora. Mke alikaa mwaka mzima akizunguka njia ndefu ili asipite pale. Siku alipolisema hilo chumbani kwangu, mume alishika kofia yake akaizungusha, akaizungusha, kisha akasema, "Mimi nilidhani unapita njia ile kwa sababu ya matope." Hakuongeza neno. Sikuwaona wakikumbatiana, lakini walipotoka nilisikia wanaongea kwenye ngazi, na wote wawili walikuwa wanaongea kwa wakati mmoja.

Wimbo wenyewe uufanyeje? Huwezi kuufuta kwenye simu za watu. Unaweza kuacha kuufundisha. Unaweza kumuuliza yeye anataka nini, na ukubali jibu hata likikuuma, maana ndio wimbo uliokupa jina. Wengine katika hali yako huongeza ubeti, wakiwa wamekubaliana. Mimi ningekuwa mwangalifu hapo. Ubeti wa kuomba radhi hadharani, ambao hakuuomba, utakuwa umemtunga tena. Na kwa siku zijazo wekeni sheria moja ndogo: wimbo wowote unaomhusu upite masikioni mwake kabla haujafika kwa besi. Hatakuwa mkaguzi wa kazi yako yote, na sitaki umfanye hivyo, mtunzi anahitaji uhuru. Lakini maisha yake ni yake pia.

Chumbani, kubalianeni kwa wiki tatu kwamba tendo la ndoa halipo kwenye hesabu. Litamkeni wazi, ili asiwe na kazi ya kukataa na wewe usiwe na kazi ya kujaribu. Watafiti William Masters na Virginia Johnson walianza kuwapa wanandoa zoezi la namna hii zaidi ya miaka 50 iliyopita, na mimi bado naliona linasaidia. Katika wiki hizo mnagusana mahali pasipokwenda popote: mgongo, miguu baridi ya usiku wa Tukuyu, nywele. Shikaneni mikono. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan aliwaweka wanawake walioolewa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakijua wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhikwa mkono na waume zao, sehemu za ubongo zinazopiga kengele ya hatari zilitulia, na kwa wale wenye ndoa yenye furaha zaidi zilitulia zaidi. Mkono tu. Breki huanza kuachia kwa mambo madogo hivyo.

Na daftari lifungue, ila usimtafute yeye ndani yake kwa sasa. Andika dakika 15 kuhusu kitu kilicho mbali nanyi: randa inavyolia kwenye mbao yenye fundo, mvua ya Rungwe isiyoisha, mzee mmoja wa besi. Andika vibaya. Kalamu iliyokaa miezi haianzi na wimbo wa mkutano.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Kwanza nenda ukapime sukari na presha, na kama unatumia dawa yoyote ya presha mwambie daktari shida yako, kwani baadhi hupunguza nguvu za kiume. Kama hata asubuhi mwili hauamki kama zamani kwa wiki kadhaa, usisubiri, maana inaweza kuwa dalili ya mishipa ya damu. Pili, giza unaloliona ukikaa na daftari: kama liko pia shambani, mezani, kanisani, kama usingizi umeharibika na hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili mfululizo, hiyo inaweza kuwa sonona nayo inatibika hospitalini. Ukipata wazo la kutaka kufa, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Tatu, umeandika "tuligombana sana." Mtu akiniandikia hivyo huwa nauliza: je, mikono ilitumika? Kama ulimpiga, au anakuogopa, basi ushauri wangu wa kumenya ndizi si wa kuanzia. Yeye anahitaji kwanza mahali pake pa kusema akiwa peke yake, kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia polisi, na wewe unahitaji msaada wako mwenyewe.

Umeniuliza kama inakubidi uchague. Kwa ninavyoiona barua yako, hapana. Lakini nyimbo zitakazokuja hazitafanana na zile tisa, na itakuchukua muda kuzitambua kuwa ni nzuri, kwa sababu hutakuwa unalia ukiziandika. Zingine zitakuwa ndogo. Zingine atazikataa.

Mkikwama baada ya mwezi, njooni Mbeya nyote wawili. Mkija nitaomba aanze kusema yeye.